Nguo Zilizoanikwa Juu ya Mzinga

Hotuba hii niliitoa Halifax, Nova Scotia, mbele ya Waswahili wenzangu, jioni tulipotundika picha za kale za manowari za Kanada. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke.

Wazee, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Watoto mlioletwa kwa ahadi ya sambusa: sambusa zipo, ila mtangoja kidogo.

Aliyeniomba nisimame hapa alitaka nieleze historia ya jeshi la wanamaji la Kanada. Nilimwambia hiyo ni kazi ya wiki nzima, tena mimi si mwanahistoria. Mimi ni mtu wa kutazama picha, na huzitazama muda mrefu mpaka mke wangu huuliza kama nimelala. Kwa hiyo leo nina jambo moja tu: ukikutana na picha ya kale yenye manowari nyingi pamoja, uitazameje.

Picha ya meli moja haina ubishi. Unaona namba ubavuni, unaona mizinga, basi. Picha ya meli nyingi ni kama picha ya harusi. Lazima ujiulize nani kasimama karibu na nani, nani kakosekana, na nani kaitwa dakika ya mwisho ili safu ijae.

Picha hizo ziko za aina mbili. Ziko za meli zikiwa mwendoni, zimejipanga kama gwaride, kila omo inapasua povu lake. Na ziko za meli zilizofungwa bandarini ubavu kwa ubavu, au zimetia nanga ghubani. Watu wengi hupenda za kwanza. Ndizo zinazotiwa fremu na kuwekwa kwenye kalenda. Mimi nimekuja kuzitetea za pili, kwa sababu zile za mwendoni kwangu ni picha za studio. Mnazikumbuka picha za studio za kwetu? Umeazimwa koti la mpiga picha, nyuma yako pazia limechorwa ndege inapaa, na mkono wako umewekwa begani kwa ndugu ambaye tangu asubuhi hamsemezani. Picha nzuri, na aliye pichani ni wewe kweli, lakini ule ugomvi wa asubuhi haumo.

Labda nina upendeleo. Nimezaliwa Mombasa, na marehemu baba alikuwa mtu wa kamba pale Kilindini. Meli ikikaribia gati, wanarushiwa kamba nyembamba, wanaivuta, na nyuma yake inakuja kamba nene kama paja la mtu, wanaitia kwenye nguzo. Akirudi nyumbani hatwambii meli ilikuwa nzuri au mbaya, ya Wagiriki au ya Wajapani. Anatwambia ilivyofungwa. "Ya leo mabaharia wake wamechoka," atasema, huku anavua viatu, "kamba wametupa mara tatu ndiyo ikafika." Nilizijua meli zikiwa zimefungwa kabla sijazijua zikisafiri.

Sasa tuanze na picha ambayo haikuwezekana kupigwa. Jeshi la wanamaji la Kanada lilianzishwa kwa sheria tarehe 4 Mei 1910, na meli zake za mwanzo zilikuwa kruza mbili kuukuu, yaani manowari kubwa za mizinga, kutoka Uingereza. Niobe ilifika hapa Halifax mwezi Oktoba mwaka huo. Rainbow ilifika Esquimalt, pwani ya Pasifiki, mwezi Novemba. Jeshi zima meli mbili, na kati yao bara zima, na Mfereji wa Panama bado unachimbwa. Picha ya pamoja wangeipigia wapi?

Niobe aliishia kufungwa gatini hapahapa, akawa bweni na ofisi ya mabaharia. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Ufaransa iitwayo Mont-Blanc, imesheheni baruti, iligongana na Imo ya Norwei kwenye mlango mwembamba wa bandari hii, ikashika moto, kisha ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa. Mashua ya Niobe iliyokuwa imetumwa kwenda kusaidia haikurudi. Wengi wenu mnapita pale kila siku mkienda kazini.

Haya, tuingie studio. Miaka ya mwisho ya 1930 Kanada ilikuwa na destroya sita, yaani manowari za mbio, ndogo kuliko kruza, zote zikiitwa majina ya mito: Saguenay, Skeena, Fraser, St. Laurent, Restigouche na Ottawa. Zimepigwa picha nyingi zikiwa mazoezini, mara mbilimbili, mara nne kwa pamoja, moshi wa dohani umelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ukiitazama picha ya namna hiyo unaamini kwamba meli hizi zimezaliwa siku moja na zitakufa siku moja.

Tarehe 25 Juni 1940, Fraser iligongwa na kruza ya Uingereza, Calcutta, usiku, karibu na mdomo wa mto Gironde huko Ufaransa. Ilikatika, na daraja la nahodha la Fraser likabaki limekaa juu ya omo ya Calcutta na watu wakiwa ndani. Waliookoka wengi wao wakahamishiwa destroya nyingine iliyopewa Kanada badala yake, Margaree. Tarehe 22 Oktoba mwaka uleule Margaree nayo ikagongana na meli ya mizigo katikati ya Atlantiki. Watu 142 wakafa, wakiwamo wale waliokwisha kuokoka mara moja. Ottawa ilipigwa topido Septemba 1942. Skeena ilitupwa na dhoruba kwenye miamba ya Aisilandi Oktoba 1944. Saguenay sijui nimwite mwenye bahati au mwenye mkosi: Desemba 1940 nyambizi ya Italia ilimng'oa omo, akatengenezwa; Novemba 1942 meli ya mizigo ilimgonga nyuma, baruti yake mwenyewe ikalipuka, tezi ikaenda. Mara zote mbili hakuzama. Mwisho wa vita ukamkuta anafundishia makurutu. Katika zile sita ni St. Laurent na Restigouche tu zilizofika mwaka 1945 zikiwa nzima na bado zinafanya kazi yake.

Mtaniambia: mzee, unailaumu picha kwa kutojua ya kesho. Hapana. Ninachosema ni kwamba hata ya siku ileile haikuyasema. Manowari za Kanada katika vita vile hazikupigana zikiwa zimejipanga hivyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kusindikiza misafara ya meli za mizigo kutoka huku kwenda Uingereza, na msafara ni kitu kipana mno. Meli za mizigo zinakwenda kwa safu, na kutoka safu hadi safu ni karibu kilomita moja. Zinazosindikiza ziko pembeni, mbali, kila moja na kipande chake cha bahari cha kuchunga. Baharia angeweza kukaa siku nzima asimwone mwenzake ila kama kidoa kwenye ukungu. Julai 1944 ulitoka msafara mmoja, HX 300, wenye meli zaidi ya 160, na waliousindikiza ni manowari chache tu za Kanada. Kwenye sitaha hakuna lenzi ingeweza kuukusanya. Kwa hiyo ukiona picha iliyopigwa sitahani, na koveti tatu, zile manowari ndogo za kusindikiza, zimejaa ndani yake mpaka unamwona kijana kwenye mlingoti, ujue mara nyingi hayo ni mazoezi, au wanaingia bandarini, au ofisa mwenye kamera ameomba wasogee.

Wapiga picha wenyewe siwalaumu. Walikuwa wanajeshi wenye kazi yao, na wapo waliokuwa mabingwa. Gilbert Milne, luteni wa jeshi hilohilo, ndiye aliyepiga askari wa Kanada wakishuka na baiskeli zao ufukweni mwa Bernières-sur-Mer, Normandi, tarehe 6 Juni 1944. Lakini kazi ni kazi: picha ilitakiwa imtie moyo mama aliyeko shambani Saskatchewan, mama ambaye bahari hajaiona.

Sasa njooni bandarini.

Ndani ya Halifax, ukishapita ule mlango mwembamba, kuna ghuba kubwa ya Bedford. Mtu wa Mombasa akiiona haulizi maswali. Hii ni Kilindini ya watu wa baridi: mlango mwembamba, ndani maji ya kina, na nafasi ya kuficha kila kitu. Sisi jina tumelitoa kwenye kile kilindi chenyewe. Msafara wa kwanza wa vita, HX 1, ulitoka hapa tarehe 16 Septemba 1939, siku sita baada ya Kanada kutangaza vita. Picha za ghuba hii zilizopigwa kutoka mlimani zinaonyesha meli kumi, ishirini, hamsini, kila moja imetia nanga peke yake. Kwa nini hazibanani? Kwa sababu meli yenye nanga moja huzunguka, inafuata upepo kama mbuzi aliyefungwa kamba, na lazima umwachie nafasi ya kuzunguka.

Kwa hiyo ukiishika picha ile, kitu cha kwanza tazama omo zinaelekea wapi. Zote zitakuwa zimeelekea upande mmoja, na huo ndio upepo wa siku ile. Bila kalenda wala maandishi umeshajua upepo ulitoka wapi. Kisha tazama maji yanafika wapi ubavuni. Iliyozama mpaka karibu na sitaha imeshapakia. Iliyonyanyuka, ile rangi ya chini iko nje, ni tupu. Hapo unajua kama msafara unakaribia kuondoka au ndio kwanza wanajikusanya. Haya hakuna aliyeyapanga ili yapigwe picha. Mpiga picha alitaka wingi tu.

Halafu kuna St. John's, kisiwani Newfoundland, ambako siku hizo kulikuwa bado si Kanada. Waliungana mwaka 1949. Mwezi Mei 1941 koveti saba za Kanada ziliingia huko kuanzisha kikosi cha kusindikiza misafara. Bandari ile ni ndogo, imezungukwa na mawe, na mlango wake ni ufa kati ya milima miwili. Manowari zikaongezeka, gati halikuongezeka. Zikawa zinafungwa ubavu kwa ubavu, tatu, nne, ya nje ikimkanyaga ya kati kila mtu anapotaka kushuka mjini. Waliokulia Mji wa Kale wameona majahazi yakibanana hivyo msimu wa kaskazi: unatoka chombo cha nne kwa kukanyaga sitaha za watu watatu, na kila sitaha lazima usalimie.

Hapo ndipo picha zangu nizipendazo. Nitawaonyesha moja tu, ile ndogo pembeni.

Kwanza mjue koveti ni nini. Ni manowari ndogo, kama mita 62 kwa urefu, na mchoro wake umetoholewa kutoka meli za kuvulia nyangumi. Zilijengwa upesi na kwa bei nafuu, Kanada ikawa nazo 123 mpaka vita vinakwisha, nyingi zimepewa majina ya miji na vijiji: Moose Jaw, Chambly, Drumheller, Sackville. Zikiwa baharini zilicheza ngoma. Mabaharia walisema koveti inaweza kuyumba hata kwenye majani yenye umande. Ndani wamesongamana watu 80 na zaidi, mahali palipokusudiwa watu wachache kuliko hao.

Basi tazameni ile picha. Koveti ya kwanza, iliyo karibu na gati, sitaha yake ya juu ya mbele ni fupi, inakatika kabla ya kufika kwenye daraja la nahodha. Ya pili yake ni ndefu, imefika mpaka daraja. Hiyo si aina nyingine ya meli. Ni ileile, imefanyiwa marekebisho. Zile za mwanzo mtu alipotoka jikoni nyuma kwenda mbele na sufuria ya chakula alipita mahali wazi, wimbi likamla mchuzi. Sitaha ikarefushwa ili watu wakae pakavu, lakini Wakanada walingoja zamu ya karakana muda mrefu, wakati meli za Waingereza zilikuwa zimeshatengenezwa. Kwa hiyo ukiziona fupi na ndefu zimefungwa pamoja, unajua uko katikati ya vita, na unajua nani bado anakula chakula chenye maji ya chumvi.

Tazameni dohani. Moja ina mistari ya mshazari, mweusi na mweupe kama nguzo ya kinyozi wa Kizungu. Kwenye picha ni mweusi, lakini ulikuwa mwekundu. Ni alama ya kundi la C-5, na waliitwa hivyohivyo, watu wa nguzo ya kinyozi. Nyingine ina jani la mmepo (maple), nembo ya Kanada, la kijani, ili watu wasiwadhanie Waingereza. Kijani na chekundu kwenye picha hizi vinatoka rangi moja, kwa hiyo usibishane na mtu juu ya rangi kama huna kitu kingine mkononi.

Tazameni juu, nyuma ya daraja. Mnaona pamechafuka, kama mtu kapaka majivu? Hapo palikuwa na rada, kijumba chake kama taa ya mnara. Mkaguzi wa jeshi aliifuta kabla picha haijatolewa gazetini. Wakati mwingine walikwangua na namba ya ubavuni. Mimi hupenda sana mahali palipofutwa, maana mkaguzi alikuwa anatuonyesha kwa kidole: kitu muhimu kilikuwa hapa.

Kuna koveti iliyoitwa Wetaskiwin, jina la mji wa Alberta. Mabaharia wakalipindua kwa Kiingereza likawa "Wet Ass Queen", malkia aliyelowa makalio, kisha wakamchora kwenye ngao ya mzinga, malkia na taji lake amekaa kwenye dimbwi. Mchoro ule wameuona zaidi waliokuwa bandarini. Kwenye picha za safari ngao inatazama mbele, imejaa mawimbi, na mpiga picha yuko mbali.

Na sasa nguo. Kwenye koveti ile ya tatu, mbele, kuna mzinga wa inchi nne. Ndio silaha yake kubwa. Juu ya mtutu, mtu ameanika shati. Pembeni kuna soksi, suruali ndani nje, blanketi, na vitanda vya turubai vimening'inizwa kwenye uzio kukauka. Chuma kimeshika kutu mpaka rangi ya ubavu imekuwa kama ngozi ya ng'ombe wa madoa. Nyuma, mahali pa kuwekea mapipa ya baruti ya kuwindia nyambizi, reli ziko tupu. Wameyatumia. Walitoka mahali, wamerudi, hawana hata nguvu ya kuona aibu mbele ya kamera. Kesho kutwa wataondoka tena, na mwenye shati anataka likauke leo, na Newfoundland jua halikopeshi.

Hiyo ndiyo naiita picha isiyojua kudanganya. Hakuna aliyemwambia yule kijana aanike shati mzingani kwa ajili ya historia.

Nipite haraka kwenye zile zenye dohani nne. Septemba 1940 Marekani iliwapa Uingereza destroya 50 kuukuu kwa kubadilishana na vituo vya kijeshi, na sita za mwanzo za Kanada zilikabidhiwa hapahapa Halifax, zimefungwa kwa safu gatini. Ni rahisi kuzitambua, dohani nne nyembamba kama sigara kwenye pakiti. Mojawapo, St. Croix, ilizamishwa Septemba 1943. Waliookolewa, watu 81, walichukuliwa na frigeti ya Uingereza, manowari ya kusindikiza kubwa kuliko koveti, iitwayo Itchen. Siku mbili baadaye Itchen nayo ikalipuliwa. Katika watu wote wa St. Croix alibaki mmoja. Mimi nikiona zile dohani nne zimefungwa pamoja huwa nahesabu mara mbili, sijui kwa nini.

Sasa wale wa Uganda mliokaa nyuma, mlikuwa mnangoja, najua. Kwenye ukuta wa kushoto kuna picha ya kruza kubwa, na chini yake nimeandika Uganda, na mmoja wenu tayari ameniuliza kama nimekosea maandishi. Sikukosea. Waingereza walikuwa na kruza za kundi moja zilizopewa majina ya makoloni: Fiji, Nigeria, Mauritius, Gambia, Kenya, Uganda. Kenya alikuwa na sifa yake: vitani alipakwa rangi ya waridi ili asionekane mapambazuko na machweo, wakamwita bibi wa waridi, na kwenye picha nyeusi na nyeupe siri hiyo imezikwa kabisa. Uganda alipigwa na bomu la Wajerumani la kuongozwa kwa redio karibu na Salerno, Italia, Septemba 1943. Alitengenezwa Charleston, Marekani, na tarehe 21 Oktoba 1944 akakabidhiwa Kanada, jina lake lilelile. Kwa hiyo vijana wa Manitoba na Quebec walikwenda Pasifiki wakiwa wamevaa kofia za meli iitwayo Uganda. Sidhani wengi wangeweza kuionyesha kwenye ramani.

Huko alijiunga na kundi kubwa la Waingereza kupigana na Wajapani, pande za Okinawa. Picha za mwendoni za kundi hilo ni za kutisha kwa uzuri. Meli za ndege, kruza, destroya, bahari shwari, mistari imenyooka. Ukizitazama unasema hawa wana moyo mmoja.

Wakati huohuo ndani ya Uganda watu walikuwa wanapiga kura. Serikali ya Kanada ilikuwa imeamua kwamba Ulaya ikishatulia, watakaopigana Pasifiki wawe wa kujitolea tu. Uganda alikuwa tayari yuko Pasifiki, vitani. Ikabidi mabaharia waulizwe mmoja mmoja: unajitolea, au unarudi nyumbani? Ilikuwa tarehe 7 Mei 1945, siku Ujerumani iliposaini kusalimu amri. Waliokataa 605. Waliokubali 302. Nahodha na maofisa wakaona haya mbele ya Waingereza, lakini kura ni kura. Aliendelea na kazi mpaka mwisho wa Julai, kisha akageuza omo. Alifika Esquimalt tarehe 10 Agosti, siku moja baada ya bomu la Nagasaki. Siku chache baadaye Japani ikasalimu amri.

Wapo wanaowaita wale 605 waoga. Mimi sioni hivyo. Walikuwa wamekwisha kupigwa na kupiga, waliulizwa swali, wakajibu. Ninachowaomba ni mtazame picha ya mwendoni ya mwezi ule mnionyeshe kura iko wapi. Haimo. Uganda yuko mahali pake katika mstari, povu lake limenyooka sawa na la wenzake.

Baadaye, Januari 1952, alibadilishwa jina akaitwa Quebec, na mwaka 1955 akawa manowari ya kwanza ya Kanada kuizunguka Afrika yote. Naona kichekesho cha aina yake: alipokuwa na jina la Kiafrika alipelekwa Japani, na alipopewa jina la Kikanada ndipo akaenda Afrika. Mwaka 1961 alikatwakatwa Osaka.

Namaliza na kosa langu.

Miaka kumi na kitu iliyopita nilinunua picha kwenye soko la vitu vya mitumba. Koveti na frigeti, nyingi ajabu, zimefungwa kwa safu mtoni, zimebanana mpaka milingoti imekuwa kama kichaka cha mianzi. Hakuna maandishi nyuma. Nilifurahi nikaitia fremu, na kila mgeni akija nyumbani namwambia: tazama nguvu za Kanada, jeshi limekusanyika tayari kwa vita. Nilikuwa nimesoma kwamba walianza na meli 13 hivi, wakamaliza na zaidi ya 400 na watu karibu 100,000. Nikadhani nimezipata hizo mia nne.

Jirani yangu, mzee wa Kizungu aliyekuwa baharia kwenye koveti ujanani, alikuja siku moja kurudisha ngazi. Akaitazama picha, akavaa miwani, akaitazama tena. Akaniuliza, "Nguo ziko wapi?"

Sikumwelewa. Akaniambia manowari yenye watu siku ya jua lazima iwe na kitu kimeanikwa. Hapa hakuna. Kisha akanionyesha kwa ukucha: mizinga imefungwa turubai, mingine imeng'olewa. Mashua hazipo. Dohani zina vifuniko. Kamba zimefungwa mbili mbili, za kukaa, si za kuondoka. Baba angeliona hilo kabla hajavua viatu. Mimi sikuliona miaka miwili. "Hii ni Sorel," akasema. Sorel, mkoani Quebec, kando ya mto St. Lawrence, ndiko walikozipeleka nyingi baada ya vita kungoja kuuzwa. Alikaa kimya kidogo, akasema yake naye ilipelekwa huko. Akaitafuta kwenye picha, hakuipata. Namba zilikuwa zimefichana.

Zilizouzwa nyingi zilikatwa vyuma. Chache zilipata maisha mengine. Beauharnois na Norsyd zilibeba wakimbizi wa Kiyahudi kwenda Palestina. Frigeti Stormont ilinunuliwa na tajiri Onassis akaigeuza nyumba ya starehe ya baharini. Na Sackville, namba K181, alifanya kazi za utafiti wa bahari mpaka miaka ya 1980, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekumbuka kumkata. Katika koveti zote za aina yake duniani amebaki yeye tu, na yuko hapa Halifax. Kiangazi mnaweza kupanda. Amepakwa nyeupe na buluu iliyofifia kama zamani, safi kuliko alivyokuwa siku yoyote ya vita. Nikienda huwa nawatania vijana wanaotembeza wageni: anikeni basi hata soksi moja. Hucheka tu. Sheria haziruhusu.

Picha ya Sorel nimeitundika karibu na mlango. Ya Uganda iko karibu na birika la chai, kwa hiyo najua wote mtaiona. Ile ya St. John's ni ndogo, inataka kutazamwa kwa karibu; kioo cha kukuzia kiko mezani. Ukikiweka sawa juu ya lile shati utaona halina kifungo cha pili kutoka juu.

Haya watoto, sambusa.